Kulungu Wawili Walionasana Pembe

Kakangu Zenoni hana subira na kitu chochote isipokuwa nyama. Foleni ya dukani inamtoa jasho, mahubiri yakirefuka anatoka nje kupunga upepo, na mimi dada yake nikianza kumweleza jambo ananikatiza kabla sijafika katikati. Lakini mweke msituni uone. Atakaa chini ya mti tangu alfajiri bila hata kukohoa.

Ujuzi huo aliupata kwa shida. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini, upande wa Kigoma, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya kambi, sembuse kuwinda. Zenoni aliwinda. Yeye na wenzake walikuwa na gobore moja la kuazimana, na desturi yao ilikuwa hii: unapiga mara moja tu. Askari wa pori akisikia mlio mmoja hajui umetokea wapi. Ukipiga tena, ameshakupata. Kwa hiyo mnyama akianguka bila kufa, unamkimbilia na kisu, unamkalia shingoni, unamaliza kimyakimya. Siku askari walipomkamata walimlaza chini, wakamponda vidole vya mkono wa kushoto kwa kitako cha bunduki, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kidole walimuuliza nyama ni ya nani. "Si yangu, afande," alisema, mpaka vidole vikaisha. Nilikuwa msichana mdogo. Mpaka leo nikiwakumbuka wale watu natamani kuwang'ata.

Miaka ikapita, tukapelekwa Amerika kama wakimbizi, wakatushusha mji wa Louisville. Zenoni akapata kazi machinjioni, kuchoma koo za nguruwe zamu nzima, na vidole vyake vile vilivyopinda. Aliichukia. Alisema nguruwe wanakuja wamening'inizwa tayari, mtu anafanya kazi kama anayeanua nguo. Akahamia mji wa Columbus, mtaa wa Northland, karibu na barabara ya Morse Road, kwa kuwa huko walikuwepo Warundi wengi. Jioni moja akagonga kulungu kwa gari. Unadhani aliita polisi? Alimchinja palepale kando ya barabara, akamficha kwenye buti chini ya mashati ya kanisani, akafika nyumbani akashusha mapazia yote, na watoto wake wakaamriwa kula bila kusema neno. Nilimwambia kwenye simu: mjinga wewe, huko ukigonga kulungu unaita polisi, na polisi mwenyewe ndiye anakuandikia kibali cha kuchukua nyama. Hakuniamini. Alidhani nimeanza kuwa Mzungu.

Mwishowe akanifuata mji wa Buffalo, ambako nilikuwa nimehamia, natunza wazee katika nyumba moja ya kitongoji cha Kenmore. Mimi ndiye niliyemsukuma achukue leseni ya kuwinda, nimwone angalau mara moja anakula nyama ya porini madirisha yakiwa wazi. Kozi ilikuwa kwa Kiingereza, nikakaa pembeni yake kumtafsiria, nikajikuta na mimi nimepata leseni. Mwalimu alisisitiza: mnyama aliyejeruhiwa usimsogelee, mpige tena. Zenoni aliitikia kwa kichwa, na mimi nikadhani ameelewa.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa bunduki, Novemba 2015, tulikwenda milimani kusini mwa Buffalo, kwenye shamba la mzee mmoja aliyetupa ruhusa. Aliyetupeleka kwa gari ni Zihindula, Mushi wa Bukavu kule Kongo, anayefanya kazi na Zenoni kiwandani. Yeye hakushuka garini.

"Donc muende," alisema. "Miye nabakia huku na chauffage ya motokari, nipate moto. Baridi ya hivi si ya bantu."

Novemba ndio mwezi wa kulungu kupandana, na dume wakati huo hana akili. Hali, halali, shingo imevimba, anamtafuta jike kwa harufu, na dume mwenzake akitokea wanapigana mpaka mmoja ashindwe. Tulisikia pembe zikigongana kabla hatujaona kitu. Tukatambaa mpaka ukingo wa kijito, tukawaona chini kwenye matope. Madume wawili, pembe zimenasana. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, shingo imepinduka, ulimi nje. Mwenzake alikuwa akiburuta ule mzoga huku na huku, povu mdomoni, akikoroma, hawezi kujinasua.

Zenoni akapiga. Risasi ikaingia begani, dume likapiga magoti. Nikainua bunduki yangu nilimalize.

"Usipige!" Zenoni akaisukuma chini ile bunduki kwa mkono wake uliolemaa. "Watasikia."

"Nani asikie? Zenoni! Rudi hapa!"

Alikuwa ameshatelemka na kisu. Alilikalia shingoni, kama alivyozoea, akalivuta sikio atafute koo. Dume likasimama naye. Likarusha kichwa, tawi la pembe ya yule mfu likakatika kwa mlio mkubwa, na lile hai likawa huru. Lilimbwaga Zenoni kwenye shina la mti. Likamchoma pajani, likamwinua, likamtikisa, likamtupa, likamrudia. Nilimsikia kakangu akipiga yowe ambalo hakulipiga hata siku ya vidole. Nilitelemka kwa makalio, nikamwekea yule mnyama mtutu ubavuni, kwa sababu kwa mbali ningemuua ndugu yangu, nikapiga. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka risasi zikaisha na bado nafyatua.

Damu ya Zenoni ilikuwa inaruka. Nilikandamiza paja kwa mikono yote miwili na bado ilipita katikati ya vidole vyangu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, na nimekimbia vita nikiwa mgongoni mwa mama.

Milio ile ndiyo iliyowaleta. Askari wa wanyamapori alikuwa barabarani akimkagua Zihindula. Wakaja wote wawili mbio. Askari alikuwa kijana, nguo za kijani, bastola kiunoni. Akatelemka akipiga kelele kwamba anakuja kusaidia, akapiga magoti, akatoa mkanda wa kufungia jeraha.

Zenoni akaiona ile sare. Mtu aliyekuwa anakata roho alikiokota kisu matopeni akamkata askari kiganja. Askari akaruka nyuma, mkono ukaenda kwenye bastola. Zihindula akajitupa katikati, mikono juu, akimwambia kwa Kiingereza chake kwamba huyu mtu anaota, anaona watu wa zamani. Mimi nilimrukia kakangu. Nilimkalia kifuani, nikaubana mkono wenye kisu kwa goti, nikamzaba kofi, na la pili.

"Nyama si yangu, afande," alikuwa analia. "Si yangu, naapa."

"Ni yako!" nilimpigia kelele usoni. "Leseni iko mfukoni mwako, mpumbavu wewe! Ni yako!"

"Mumukaze, Veri, mumukaze!" Zihindula alisema, amemshika miguu. "Bon, anafunga. Damu inapunguka."

Askari, kiganja chake chenyewe kinachuruzika, alikaza mkanda, akaukaza tena. Zenoni aliningʼata mkono mpaka nyama ikaachana. Sikumwachia. Alikuwa bado anaomba msamaha alipozimia.

Hospitalini walimpasua usiku ule na kumshona, na mguu ukabaki. Mimi nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkono umefungwa bendeji, nikipanga matusi. Nilikuwa nayo mengi, ya Kirundi na ya Kiswahili, nayaweka tayari kwa ajili ya macho yake yatakapofunguka, maana nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu yeyote.

Yakafunguka. Akatazama dari, akatazama mipira ya dripu mkononi, akavuta mkono polepole kuona kama umefungwa kitandani.

"Veridiana," aliniuliza kwa sauti ya chini, asisikike mlangoni, "wamenifunga miaka mingapi?"

Nikaitoa leseni yake kwenye mfuko wa koti lililojaa matope, nikaiweka katika vidole vyake vilivyopinda.