Daftari la Jikoni Barking

Usasa wa riwaya za Kiingereza niliusomea Walthamstow, huku London, darasa la jioni, kila Alhamisi, nikitoka kulea wazee na miguu imevimba kama maboga. Kitabu cha kwanza kilikuwa kizito hivi kwamba ukikiangusha Walthamstow, sufuria zinaanguka Barking. Kurasa mia nne, kisa cha siku moja tu, na hakuna linalotokea. Mwalimu akatueleza: waandishi wale wa mwanzoni mwa karne iliyopita walichoshwa na hadithi za fulani kaenda, fulani karudi. Wakaingia kichwani mwa mtu, humo jana na leo zinamokanyagana. “Kilichotokea si kitu,” alisema. “Kilichompitia mtu moyoni ndicho kitabu.” Nilipofaulu, cheti nilikionyesha mpaka kwa dereva wa basi.

Basi nikaupeleka usasa kazini. Barking nilikuwa nikimhudumia bibi wa Kizungu, mjane, akili imeanza kumtoka. Kila ziara lazima uandike kwenye daftari linalokaa jikoni kwake: amekula nini, amemeza dawa gani. Wenzangu waliandika mistari miwili. Mimi niliandika kurasa. Kijiko cha uji kikimgusa mdomo, bibi yuko stesheni na dadake mwenye koti la njano, mara koti ni pazia, mara nyuma ya pazia mwanawe mchanga ana homa, naye anampuliza kwenye paji la uso mpaka kunakucha. Nikaandika yote, bila nukta, kama nilivyofunzwa.

Msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, akaniita ofisini.

“Dada, hii ni nini?”

“Mawazo ya bibi.”

“Nimesoma kurasa tatu sijaona kama alimeza dawa.”

“Iko ya nne, hapo kwa koti.”

Hakucheka. “Daktari akija ataitafuta dawa kwa koti? Andika chenye amekula. Ama ukae nyumbani uandike vitabu, nitafute mtu wa kulisha wazee.”

Kuhusu dawa alikuwa na haki, siwezi kumnyima. Alichomoa kurasa zangu akazilisha mashine ya kukata karatasi, moja moja. Nami kazi niliihitaji kuliko usasa.

Tangu hapo nikaandika: Amekula uji. Amemeza dawa. Hali njema. Bibi hakunyamaza. Miezi yake ya mwisho alimzungumzia mwanawe tu, asubuhi na jioni, nami kalamu mkononi: Hali njema.

Alipofariki, mwanawe akaja kukusanya vitu, mtu mzima wa mvi. Alilisoma daftari jikoni, amesimama, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

“Alikuwa akinitaja?”

“Kila siku.”

Wanaonijua hugawanya maneno yangu kwa kumi ndipo wapate ukweli. Siku hiyo sikuongeza hata chembe.

“Alisema nini?”

Nikatafuta. Koti nilikuwa nalo, pazia nilikuwa nalo, ila vile vilivyoshikana kinywani mwake vilikuwa vimekwisha katwakatwa. Nikamwambia aliugua utotoni, mama akampuliza, akapona. Fulani kaenda, fulani karudi.

“Asante,” alisema kwa adabu, macho kwenye zile Hali njema. “Ni wema wako kusema hivyo.”

Akalifunga daftari, akaniuliza pipa la kutupia karatasi ni lipi. Nikamwonyesha.