Kutoka Temeke Hadi Kawe Nimelala Chali

Kwa miaka mitatu niliamini, kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha, kuwa ndani ya fremu ya baiskeli mna zebaki. Jirani yangu wa Temeke, aliyewahi kwenda vitani ng'ambo na kwa hiyo anajua kila kitu, alinieleza: baiskeli ikiinama, zebaki inakimbilia upande wa pili na kuinyanyua. Mie mhitimu wa masomo ya usiku ningebisha nini?

Basi nikaikata kwa msumeno baiskeli niliyoazimwa na shemeji Ramadhani, mume wa dada yangu. Nikakinga beseni. Ikatoka kutu. Badala ya kukiri, nikaiunda upya kama picha niliyoiona darasani: mtu kalala chali, miguu mbele, pedeli na mnyororo vimefungwa kwenye gurudumu la mbele na vinageuka nalo. Fremu nikaijaza mchanga, zebaki ya maskini. Shemeji, ambaye hubebea samaki kwa baiskeli hiyo, akaniletea ujumbe: niifikishe Kawe Jumapili aone inavyokwenda, la sivyo nimrudishie ilivyokuwa.

Alfajiri, Temeke. Niliondoka kwa heshima zote. Nikaanguka mlangoni kwangu, kwa kuwa sipendi kuchelewa.

Ilala niliiona zaidi kutoka chini. Nikisukuma kwa mguu wa kulia, baiskeli inakata kushoto. Nikisukuma kwa wa kushoto, inarudi kulia. Kila ilipoanza kulala nikageuza usukani upande wa pili, mbali na kule ninakoangukia, kama mtu mwenye akili. Nikaanguka kwa akili.

Saa nne, Magomeni, mama muuza vitumbua aliacha kikaango chake.

"Pole mwanangu. Wanaokupeleka hospitali wako wapi?"

"Shikamoo mama. Siumwi, naendesha."

"Marahaba. Heri ungeumwa, ungepona."

Kinondoni nilipita kwa miguu, ili baiskeli ipumzike.

Alasiri, Kawe. Shemeji alikuwa kibarazani. Akanionyesha kwa kidole kisima kilichokuwa mbele ya nyumba: nianzie pale, nifike alipokaa, mguu usiguse chini. Nilijaribu mara tatu. Ya mwisho nilitua juu ya matenga yake ya samaki.

"Shemeji," akasema taratibu, "nilikuazima baiskeli. Hiki ni kitanda."

"Zebaki imepungua, shemeji."

"Iliyopungua siyo zebaki. Ijumaa nataka baiskeli yangu."

Nikashika njia ya kurudi. Dada Zuhura, mkewe, akanisindikiza, akitembea nyuma yangu, macho kwenye gurudumu. Huyo hakusoma usiku wala mchana.

Ijumaa niliingia Kawe nimelala chali, nikatoka kisimani hadi kibarazani pasipo kugusa chini, na tenga la samaki mgongoni mwa kiti. Shemeji hajanisamehe, ila fremu yake kaacha kuidai. Watu wa Temeke nimewaambia ni hesabu za darasani. Kumbe ile Jumapili, kwenye njia panda ya Msasani, dada ndiye aliyenisimamisha.

"Mdogo wangu, humo hamna zebaki. Pedeli umezifunga pamoja na usukani, basi mguu wa kulia ukisukuma, gurudumu linakwenda kushoto. Wakati huo huo vuta usukani kwa mkono wa kulia. Na kushoto vivyo hivyo. Ikianza kulalia upande, igeuzie upande huo huo. Na huo mchanga umwage."