Mkwe Mgongoni

Siku hizi vijana wa mji wetu wa Baraka hunionyesha kwenye simu picha za watu waliofika kileleni mwa mlima. Wameinua mikono, wanacheka, wamevaa viatu ambavyo mimi sitavivaa maishani. Huwauliza swali moja tu: walikuwa wanakimbia nini? Vijana wanaangua kicheko, wakidhani nawatania. Mimi mlima nimeupanda mpaka juu kabisa, na tangu siku ile, nikiuona kutoka ziwani, nautemea mate.

Mimi ni mtu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Miguu yangu imezoea kukunjwa ndani ya mtumbwi. Lakini vita vilipotujia kwa njia ya Mboko, mtumbwi wangu ulichukuliwa na watu wenye bunduki, na wenye mitumbwi yao walivuka ziwa bila kutuangalia. Mke wangu alikuwa Lubondja na watoto, shambani kwa baba yake mdogo. Mama mmoja aliyeshuka kutafuta wanawe ndiye aliyeniletea habari yake.

"Bibi yako ashapanda kule yulu na batoto. Anasema hivi: leta mama."

Mama wa kuletwa ni mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kwetu kutibiwa goti.

Kwetu mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mwanamume hamwangalii mama mkwe usoni, hali naye, hamgusi hata kidole. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mtu mwingine. Watu wanaita hiyo heshima. Kwetu sisi wawili ilikuwa nafuu, maana hatukupendana hata kidogo. Yeye alitaka binti yake aolewe na mwalimu, akapata mvuvi anayenuka ndagala.

Sasa nani angetupitishia maneno? Nyumbani tulibaki yeye, mimi na kuku wake jike ambaye mama alikataa kumwacha. Basi tukasemeshana kwa njia ya kuku. Ukicheka, cheka. Mimi sikucheka.

Tulipita Lubondja, tukaanza kupanda. Yeye alikuja nyuma, maana mila inasema mwanamke asimtangulie mkwe wake, upepo usije ukainua kitenge. Ni upumbavu mtupu. Mlimani anayechoka ndiye anayetakiwa kuwa mbele, ili mwenye nguvu amwone. Mimi niliona mawe na matope tu, na yeye nilimfuata kwa masikio.

"We kuku," alisema nyuma yangu, akihema, "ambia ule bwana mulima haikimbiaki."

"Kuku, ambia mama mulima haikimbiaki, lakini masasi inakuya," nilijibu, risasi zikisikika huko nyuma.

"Ambia ye, mwalimu angetafuta bantu ya kunibeba."

Nilikaza mwendo kwa makusudi, kisha nikasikia goti lake likigonga jiwe, nikasimama kumngoja huku nikiuma meno.

Kwenye kijito, kabla ya mwinuko mkali, tuliwakuta vijana wenye bunduki. Walichukua unga wetu, wakachukua koti langu, wakamnyang'anya kuku mikononi. Mama mkwe alimng'ang'ania, manyoya yakabaki kwenye vidole vyake. Mimi nilitazama chini. Mtu mwenye akili hapigani na bunduki kwa sababu ya kuku. Alimfuata kuku kwa macho, akapaza sauti ili nisikie vizuri.

"Kuku, ambia ule bwana eko muoga!"

Baada ya hapo hatukuwa na wa kutupitishia maneno. Tukaendelea kupanda hivyo hivyo, kila mtu na hasira yake.

Ule mlima una ubaya wake. Unaona kilele, unajikaza, unafika, unakuta kilikuwa kigongo tu na kilele kiko mbali nyuma yake. Kila kigongo kilinidanganya, na kila mara niliamini. Mvua ilitukuta kwenye mianzi. Pumzi ilinikatika, kichwa kiligonga, damu ikanitoka puani. Baridi ya kule si baridi ya ziwani. Inaingia kwenye mifupa na kukaa humo. Niliwaza jinsi nitakavyomtukana mtu wa kwanza atakayeniambia kwamba milima ni mizuri.

Kisha sikusikia tena hatua zake. Nilisimama nikiwa nimempa mgongo.

"Mianzi," nilisema, "ambia mama nitamubeba."

Mianzi haikujibu, na yeye pia hakujibu. Huko chini risasi zililia. Niligeuka nikiwa nimeinamisha uso. Alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika goti. Nilikunjua turubai niliyokuwa nimejifunika mabegani, nikamzungushia kutoka shingoni mpaka miguuni, mara mbili, ili ngozi yangu isiguse ngozi yake wala nguo yake. Nikamfunga mgongoni kwa kamba ya wavu, kama gunia la mihogo. Alinipiga ngumi mgongoni kutoka ndani ya turubai. Nilifurahi, kusema kweli: mtu anayepiga ngumi ana nguvu bado.

Nikapanda naye. Njiani nilisema yote. Nilimwambia moja kwa moja, bila kuku, kwamba ana mdomo mchafu. Kwamba mwalimu wake alikimbia Baraka kabla ya mtu yeyote. Kwamba watoto wangu hawajawahi kulala njaa hata siku moja. Hakujibu neno. Nikasema moyoni: tazama mwanamke huyu, hata hapa anashika mila, hataki kunijibu bila mtu katikati. Nikamchukia zaidi, na kwa chuki hiyo nikapata nguvu ya miguu. Miti ikaisha, yakabaki majani na upepo. Niliona moshi, vibanda, watu wengi wa kwetu wamejikunyata. Nilikuwa nimefika juu.

Mke wangu alikuja mbio, watoto nyuma yake. "Umemuleta! Umemuleta mama!"

Alifungua kamba, akakunjua turubai, akamwita. Akamwita tena. Akamshika shavu. Shingo ilikuwa imekwisha kukakamaa. Mke wangu aliniangalia, na sikujua nifanye nini na uso wangu.

Alipoanza kulia, baba yake mdogo alinivuta pembeni. Nilidhani ataniuliza alikufia wapi. Huko chini kulikuwa na ukungu tu, na alikufa mahali fulani ndani yake, mimi nikimtukana.

Mzee hakuuliza hilo.

"Ulimugusa?"

"Hapana. Turubai ilikuwa katikati."

Uso wake ulilegea. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mutoto yangu. Umemuheshimia."

Ningemgusa mama, ningejua alipoacha kupumua. Niliunasua mkono wangu, maana nilitaka kumpiga.