Ateri ya Firigisi

Kwetu Kitale, firigisi ilikuwa ya yule aliyewahi sufuria. Wazazi wangu walikuja huku kutoka pande za Mlima Kenya kulima mahindi, na adabu ya kuku hawakuja nayo. Nilipoolewa Bungoma ndipo nikajua kwamba firigisi ina mwenyewe, naye ni baba wa boma. Huionji, wala huulizi imekwenda wapi.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe aliacha kuchinja. Jogoo waliwika wakazeeka. Wageni walipikiwa nyama ya ng'ombe, na sababu tuliijua bila kuambiwa: firigisi ingewekwa kwenye sahani ya nani? Nilimhurumia sana, ingawa kusema kweli hamu ya kuku nayo ilikuwa inanitesa.

Mwaka huu nasomea afya ya mifugo, na katika mtihani tulitakiwa kupasua kuku na kuonyesha damu inavyofika tumboni. Nikaenda kumwomba jogoo mmoja wa kujifunzia. Mama mkwe akatoka kumkamata mwenyewe.

Nilimpasua polepole juu ya meza ya jikoni, mama akiwa kando yangu. Nikamwonyesha ateri inayochomoza kwenye mshipa mkuu, nyuma kidogo ya moyo, kisha inagawanyika. Tawi moja hupitia tumbo la juu, la pili hugawia ini, kongosho na utumbo. Yote mawili hufika kwenye firigisi.

"Ati inaletewa na pande mbili?"

"Ndiyo, mama. Si ndiyo inasaga mahindi yote."

"Hiyo ni mzee kabisa! Hata ndani ya kuku anapakuliwa mara mbili." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Jioni alimpika jogoo yule. Firigisi aliiweka mbele ya mume wangu, kifungua mimba wake. Mume wangu akaitazama, akamsogezea.

"Kula wewe, mama."

"Mimi? Tangu nizaliwe sijaonja."

Lakini aliitia mdomoni. Alitafuna, akatafuna, sisi tukaacha kula tukimtazama. Alipomeza, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kumbe ni ngumu hivi," akasema. "Na mzee ile miaka ya mwisho hakuwa na meno. Lakini nikimwekea, anamaliza yote, ananiambia asante."