Sumaku ya redio ya mwalimu

Sikulala, nikiwaza kama somo la sumaku liingie katika kitabu cha sayansi ninachowaandikia walimu wa Kabambare. Sumaku ya kujaribia iko mezani, imeshika mchanga mweusi, inanuka mto.

Utotoni, mwalimu wetu alivunja redio yake mwenyewe atutolee sumaku, akatupeleka mtoni. Ilivuta mchanga mweusi wote tuliouchota, na ndani ya beseni zikabaki chembe za dhahabu.

"Mwalimu, tuko matajiri!" alipiga kelele rafiki yangu.

"Tajiri gani hana hata kalamu? Andika kwanza, mutoto!"

Kesho yake nilikaa peke yangu dawatini. Rafiki yangu alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, hakurudi shuleni tena.

Asubuhi hii nilipitisha sumaku kwenye udongo mwekundu wa uwanja wa shule, ikashika chembe nyeusi, bila dhahabu. Katika somo nikafuta "mtoni", nikaandika "uwanjani", nikampa mtu wa pikipiki kitabu akipeleke Kasongo kuchapwa.