Maji ya Vyombo Katikati ya Bahari

Majirani wa ploti yetu hapa Kitengela waliposikia naandika riwaya ya watoto kuhusu meli, walicheka mpaka nikakasirika. "Wewe na bahari, wapi na wapi?" jirani wa juu aliniuliza, ameshika ndoo zake akingojea lori la maji. Kweli bahari nimeiona mara moja tu maishani, na siku hiyo tumbo lilikuwa limechafuka kwa safari, sikuona cha maana. Lakini mimi ukiniambia siwezi, hapo ndipo umenipa nguvu. Nilirudi ndani, nikafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, nikaandika sura nzima kwa hasira kabla ya kusonga ugali.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Msichana wa Kitengela anapanda juu ya nyumba kuangalia kama tangi limejaa. Anafungua kifuniko, anateleza, anatumbukia, na akiibuka yuko ndani ya meli ya zamani yenye matanga. Meli hiyo haitoki mji huu kwenda ule, inatoka mwaka huu kwenda ule. Leo inatia nanga wakati reli inajengwa, kesho wakati hakuna hata kibanda kimoja kwenye mbuga zetu. Nahodha ni mwanamke mzee, mkali, wa maneno machache. Sheria yake ni moja: ukishuka, tazama tu. Ukibadilisha chochote, hutapata njia ya kurudi kwenu.

Niseme ukweli, nilikuwa naandikia mtoto mmoja tu, binti yangu wa miaka kumi na miwili. Mama yangu ndiye alimlea huko Kajiado tangu akiwa mchanga, maana mimi nilikuwa nafanya shifti kwenye kiwanda cha nguo. Mtoto alimwita susu, vile sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Alikuja kukaa na mimi alipofika darasa la nne, na hata hapo kila likizo alikimbilia kwa susu wake kabla sijafunga begi. Kisha mama akafariki wiki ileile binti yangu ameshikwa na tetekuwanga, vipele mpaka kwenye kope. Daktari akakataza kabisa asiende kwa watu. Tukamzika mama bila yeye.

Tangu hapo mtoto hakumtaja susu tena. Hakulia. Nikisema twende Kajiado tukafungue nyumba ipate hewa, tumbo linamuuma. Nilijaribu kuongea naye, nikajaribu kunyamaza, nikamwita mchungaji akaombe. Wapi! Mchungaji alikunywa chai, akaomba, akaenda zake, na mtoto akarudi chumbani. Niliogopa. Usiku nilikuwa nalala nikiwaza kwamba labda tumezika watu wawili.

Kitu kimoja tu alichokubali ni kusomewa. Jioni akimenya viazi, mimi nilimsomea nilichoandika mchana. Hakusema mbaya wala nzuri, ila nikikosa kusoma ananiuliza, "Leo hakuna?"

Basi jioni moja nikasoma sura ambayo meli iko katikati ya bahari, nchi kavu haionekani popote. Mabaharia wamemaliza kula. Nahodha anamwita yule msichana na kumwamuru: "Maji iliyoosha mboga ioshe sahani. Iliyosuuza sahani ipige deki. Na ikibaki usimwage ovyo, pelekea mlimau." Maana nilikuwa nimepanda mlimau kwenye pipa pale juu ya meli, hata sikujiuliza kwa nini.

Binti yangu akaweka kisu chini. "Mum. Hawa watu wako wapi?"

"Katikati ya bahari. Si umesikia?"

"Na wanapiga deki na maji ya vyombo?"

"Sasa ulitaka wapige na nini?"

"Mum! Maji iko kila mahali! Si wachote tu!"

Nikajitetea kwamba hayo ni maji ya chumvi. "Hata sisi tunapigaga deki na ya chumvi!" akasema, na hapo akanimaliza. Hapa kwetu maji ya kisima ni chumvi tupu, ni ya sakafu na choo. Ya chai tunanunua. Ni mtu aliyekulia ukame wa Kajiado kama mimi peke yake anayeweza kupeleka watu mpaka baharini na bado awapimie maji ya kuosha sahani. Alicheka akashika mbavu, kiazi kikaanguka kikabingirika mpaka chini ya jiko. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi, na mimi nikacheka, machozi yakanitoka.

Kisha akainama kuokota kile kiazi. "Huyo nahodha ni susu," akasema.

Nakuapia sikuwa najua. Lakini maneno yale yalikuwa ya mama yangu, neno kwa neno. Hata ule mlimau ulikuwa wake, uko nyuma ya nyumba yake mpaka leo. Sikubisha.

"Hiyo meli inaweza kufika ule mwaka susu bado alikuwepo?"

"Inafika popote," nikamwambia.

Mungu wangu, niliandika! Nilijiambia hii ndiyo dawa. Katika sura yangu ya mwisho meli ilitia nanga Kajiado, msichana akashuka mbio, akavunja sheria, akamkimbiza nyanya yake hospitali mapema, nyanya akapona na nahodha akamsamehe. Nililia nikiandika, na nikajipongeza pia. Jumamosi nikamsomea huku nimevimba kichwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni uongo," akasema.

"Ni hadithi."

"Hata kama. Tukienda Kajiado hatutampata. Si ndio?"

Iliniuma. Mimi hasira yangu iko karibu, kila mtu anajua. Nilifunga kompyuta kwa kishindo nikamwambia, "Haya basi, andika wewe!" Nilidhani ataingia chumbani na kufunga mlango. Hakuondoka. Alikuwa anachuna kucha, hanitazami.

"Ashuke tu amsaidie susu kuosha vyombo," akasema. "Halafu arudi kwa meli. Hiyo tu."

Nilifungua tena ile kompyuta. Niliandika vile alivyosema, naye amekaa kando yangu. Msichana anamkuta nyanya yake nyuma ya nyumba na beseni mbili, wanaosha, wanasuuza, nyanya anamgombeza kwa kumwaga maji, basi. Ni sura fupi kuliko zote. Na yale maji ya vyombo baharini niliyaacha humohumo, atakayecheka acheke.

Nilipomaliza, akauliza, "Tunaenda lini?"

Tulienda Jumapili iliyofuata. Kufuli ilikuwa imeshika kutu, tukahangaika nayo. Jirani wa mama, mama mzee wa Kimaasai waliyezoea kupeana maziwa na sukuma wiki, alikuja akiwa na kibuyu chake. Binti yangu akainamisha kichwa aguswe, vile susu alimfundisha. "Takwenya," yule mama akamsalimu kwa Kimaasai. "Iko," akaitikia kwa lugha hiyohiyo, sauti haisikiki vizuri. Mama yule alimtazama sana, akasema amerefuka, akatuachia maziwa.

Tulifagia, tukapika, tukala. Nilipoinuka kukusanya sahani, akanishika mkono. "Wacha, Mum." Akachukua beseni ya bluu ya susu na kwenda nyuma. Nilisimama dirishani. Aliosha, akasuuza, kisha akabeba yale maji taratibu mpaka kwenye mlimau. Ulikuwa umekauka upande mmoja, upande wa pili bado una majani. Akamwaga akizunguka shina, mbali kidogo na mti, vile alivyofundishwa.

Beseni ilipoisha maji hakurudi. Alichuchumaa pale chini.

"Susu," nikamsikia akisema, "nilikuwa mgonjwa. Ndio maana sikukuja."

Kisha akalia, kwa sauti kubwa, na mimi nikatoka nje bila viatu.