Mita Moja na Nusu ya Mlingoti

Usiku ule nilizima taa saa nne na dakika ishirini na tano. Najua saa hiyo kwa sababu niliiandika daftarini, chini ya uamuzi wangu: mlingoti ukae juu ya sitaha. Fundi angekuja asubuhi kuanza kazi. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili, nikalala.

Mashua ilikuwa ya Magesa, rafiki yangu, seremala wa hapa Nansio aliyenifundisha kushika randa nikiwa tayari na miaka arobaini na moja. Kazi yangu ni kutunza vifaa vya maabara shuleni. Mambo ya mashua nilijifunza kwake na vitabuni, zaidi vitabuni, ndiyo maana aliniita fundi wa karatasi. Alifariki ikiwa imebaki kusimamisha mlingoti na kufunga matanga. Juu ya mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba mashua, alikuwa ameshaweka gogo la mninga lenye shimo la kupokea mguu wa mlingoti. Kwenye sitaha, tundu la kuupitisha alikuwa amelichora kwa penseli, hajalikata. Alipokuwa amelazwa wodini nilimwahidi kwamba nitamalizia kama alivyochora, ili binti yake Nyangeta avushe wagonjwa kutoka visiwa vidogo.

Ahadi hiyo niliivunja kwa hesabu. Mlingoti unaopita kwenye sitaha hadi kwenye mkuku hushikwa mahali pawili. Waya mmoja kati ya zile zinazoushikilia kutoka juu ukikatika, bado unaweza kubaki wima. Lakini tundu lake huvujisha maji, na chini ya tundu hilo ndipo mgonjwa angelala. Mlingoti unaokaa juu ya sitaha hauhitaji tundu, na watu wawili wanaweza kuulaza wakitaka kuutengeneza. Ila huo hutegemea nyaya zote, na chini yake lazima isimame nguzo ya kubeba uzito. Nilijaza kurasa kumi na moja. Siku mbili kabla ya usiku ule, bila kumwuliza Nyangeta, niliukata mti wa mlingoti. Nilitoa mita moja na nusu, urefu wa kutoka sitaha hadi mkuku.

Nikajikuta maabara, nahesabu mirija ya vioo. Kila nikifika kumi na moja naanza upya. Sakafuni kuna maji ya ziwa, yananifika kwenye vifundo vya miguu, wala sishangai. Nafungua kabati la kemikali, na ndani yake ni chumba cha mashua. Nainama, naingia.

Magesa yumo. Amesimama juu ya gogo lake la mninga, mguu mmoja ndani ya shimo, kichwa amekiinamisha, na sitaha imemkalia mabegani. Amevaa lile shati la bluu la kazini lisilo na vifungo viwili. Juu yetu mlingoti unalia kwa upepo, na kila upepo ukija magoti yake yanakunjika kidogo. Nilijua bila kuambiwa kwamba amejaza mahali pa kile kipande nilichokikata.

Nilimsalimu, nikamwuliza hali. Akajibu kwamba hajambo, ila amechoka kusimama. Akaniuliza kama shule zimefungwa, au nimemletea karatasi za kuegemeza mlingoti. Tulicheka wote wawili, na sitaha ikashuka kidogo.

Nikatoa futi kamba nimpime, nikate nguzo ya urefu wake, yeye apumzike. Inasoma mita moja na nusu. Napima tena, inasoma mita mbili. Napima tena, haina namba. Nataka kuweka bega langu kando ya bega lake, lakini mikono inaning'inia kama mikono ya koti lililolowa. Juu nasikia nyayo za Nyangeta. Anamwambia bibi mmoja alale vizuri, wanakaribia kufika. Hajui ni nani amembeba. Namwita, na sauti inatoka kama pumzi kwenye kioo.

Sasa tuko wodini. Magesa bado amesimama, katikati ya vitanda viwili, na dari ni ile sitaha. Muuguzi anapita na sinia la dawa, anatuzunguka kama tunavyozunguka meza. Darini naona duara la penseli. Msumeno umo mkononi mwangu. Nauinua, na mkono unasimama ukiwa umebaki upana wa kidole kulifikia.

"Si vitabu vilivyokukataza," Magesa ananiambia. "Uliogopa kutoboa sitaha yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba kila ubao wa sitaha ile bado una alama za randa yake, na kwamba kuutia msumeno kulikuwa kumzika mara ya pili. Badala yake nilimwambia habari za kuvuja. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipomletea mchoro wenye makosa.

"Likivuja, Nyangeta atakinga ndoo. Mimi siwezi kusimama hapa miaka yote. Mwambie ulichokata."

Waya ukakatika. Haukutoa kishindo, ni sauti ya kifungo kilichoanguka sakafuni. Akaanza kwenda chini: magoti, kiuno, kifua. Macho yake yananitazama bila lawama, nami nimesimama na msumeno, naona, siwezi.

Nikaamka saa kumi na dakika tano. Mikono ilikuwa imekufa ganzi; nilikuwa nimeilalia. Nilifungua daftari nikashindwa kuandika, nikakaa kitandani hadi kulipopambazuka.

Nyangeta nilimkuta uani anaosha sufuria. Nilimweleza yote kwa mpangilio: ahadi, kurasa, mti, ndoto. Kisha akauliza baba yake alikuwa amevaa nini. Nikamwambia shati la bluu, halina vifungo viwili. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Baba mdogo, ungeniuliza. Mimi ndiye nitakayekuwa ndani."

Fundi alipofika, Nyangeta alimwomba msumeno, akanipa mimi. Mkono wangu ulisimama ukiwa umebaki upana wa kidole kufika kwenye penseli, naye akanishika kifundo cha mkono mpaka meno yalipouma ubao. Mlingoti mpya, niliolazimika kuununua baadaye, ulipita palepale, ukakaa kwenye gogo la mninga bila kuhitaji kabari.

Mvua ya kwanza iliponyesha, tundu lilivuja. Nyangeta alikinga ndoo.

Ule mti nilioukata haukufaa tena. Bei yake laki tatu na elfu themanini, kuusafirisha elfu arobaini. Jumla iliyopotea: shilingi laki nne na elfu ishirini.